Bakuli la Wagiman

Kazi yangu ni kuwazungusha watalii wakionja vyakula vya Paramaribo, huku Suriname: roti, yaani chapati na mchuzi, kwa Wahindi, pom, ule mlo wa kuku wa kuoka, kwa Wakrioli wenzangu, na mwisho saoto, ile supu ya kuku ya Wajava, kwa Mama Tukinem. Mumewe, Wagiman, tumemzika juzi. Mume gani yule! Supu ya mkewe hakuigusa miaka na miaka. Kila mchana alivuka barabara kwenda kula roti kwa yule mwanamke wa Kihindi, Kalawati, na wala hakuwa akifuata roti tu. Mtaa mzima ulijua. Mkewe alikuwa akimwona akivuka, mwiko mkononi.

Leo tulikuta bakuli linafuka moshi chini ya picha ya marehemu. Mgeni wangu mmoja, mlafi kweli, akanyoosha mkono.

"Acha," nikamwambia. "Hilo ni la marehemu."

Wajava humwekea marehemu wao chakula alichokipenda kuliko vyote, roho isiondoke na njaa. Nilijua nitakuta roti. Nikachungulia: saoto.

"Mama, na roti je?" nikanong'ona. "Kalawati si kaleta asubuhi? Nimemwona kwa macho yangu."

"Kaleta. Nimempa mbwa."

"Lakini mzee hii alikuwa haitaki."

Mama Tukinem akaongeza pilipili, akalisogeza bakuli hadi likagusa picha.

"Ataila tu," akasema. "Sasa barabara atavukaje?"