Kuni za Mgeni Rasmi

Sylvester, mtendaji wetu wa kijiji, alichoma kuni za mama mkwe wangu ili mgeni rasmi asizione. Mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana mhuri wa serikali, anawasha kiberiti kwenye kuni za mjane. Na huyo mgeni mwenyewe alikuwa anakuja kutufundisha kupika.

Hapa Ngulyati tukishavuna pamba tunang'oa miti yake. Sheria inasema tuichome palepale shambani, wale funza wasijifiche humo wakatusubiri msimu ujao. Sawa, sheria nzuri, hakuna anayebishana nayo. Lakini kuni za porini zimekwisha, na sijamwona mwanamke wa hapa mwenye akili timamu anayewasha moto usiokuwa na sufuria juu yake. Tunachoma kidogo, mtendaji aone moshi aridhike. Mingine tunafunga mizigo, tunabeba kichwani, tunapanga nyuma ya jiko. Hizo ndizo kuni zetu mpaka mvua. Kila mtu anajua. Sylvester anajua kuliko wote, maana ugali anaokula haupikwi kwa mhuri.

Mama mkwe wangu ni Kabula, na nyumba yake inatazamana na uwanja wa shule. Rundo lake lilikuwa limefika usawa wa paa. Alilibeba mwenyewe, mzigo kwa mzigo, na lile goti lake bovu, kwa sababu hapendi kusaidiwa.

Basi ikaja habari ya nishati safi ya kupikia. Mgeni rasmi atagawa mitungi ya gesi na majiko yake kwa akina mama, na Kabula ndiye atapokea wa kwanza. Walimchagua kwa uzee wake. Uzee unatoka vizuri kwenye picha.

Siku moja kabla, Sylvester akaja na mgambo wawili. Akasalimia kwa adabu zote, mwangaluka mayu, kama anamwamkia mama yake mzazi, halafu akasema rundo lile litaaibisha kijiji, mgeni akiketi tu atakuwa analitazama. Kabula akaomba alihamishie kwangu. Akakataliwa. Sylvester akakumbuka kwamba hata hivyo ni kosa kisheria. Miaka yote hiyo sheria ilikuwa imelala, siku hiyo ikaamka. Mama akamuuliza kesho atapikia nini.

"Gesi, mayu," akasema. "Kuanzia kesho wewe ni mtu wa gesi."

Akawasha. Moshi ulisimama juu ya kijiji mchana kutwa, tukakohoa sisi na watoto na ng'ombe. Ndiyo uzinduzi wa hewa safi huo. Mama alikaa juu ya kinu chake, akaupa moto mgongo. Mimi nililia, na nililia kwa hasira.

Kesho yake Sylvester akataka sifa zaidi. Akaamuru nyama ya wageni ipikwe kwa gesi, palepale uwanjani, mgeni akute miali ya bluu. Tukamwambia sufuria la sherehe linakaa juu ya mafiga, halikai juu ya kidude kile. Akatuita washamba. Tukapika. Asubuhi yote ikapita, maji yanatutazama tu. Akaagiza waongeze mtungi wa pili. Hakuna kitu. Wa tatu, kimya. Kumbe wenye gesi ulikuwa mmoja tu, wa maonyesho. Mingine yote mitupu. Aliyepewa zabuni alijua kamera haioni ndani ya chuma. Na Sylvester aliyeipokea hakutikisa hata mmoja! Sisi hata kibuyu cha maziwa hatununui bila kukitikisa.

Simu ikaingia: msafara umeshapita Dutwa. Hapo ndipo nilipomwona mtendaji akitoka jasho la kweli. Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba kuni. Nani ampe? Baada ya kuuona moto wa Kabula, kila mwanamke alikuwa ameficha zake, wengine ghalani, wengine uvunguni. Tukamjibu kwa upole kwamba sisi tumetii sheria, mtendaji, hatuna hata kijiti. Mimi nilimjibu hivyo nikimtazama usoni, na usiku uliopita nilikuwa nimelala juu ya zangu.

Kabula akainuka kwenye kinu chake, akaja mpaka uwanjani.

"Mtendaji, mbona kwako zipo?" akasema. "Zile za chini ya turubai."

Kila mtu alisikia. Jenifer, mke wa Sylvester, akainamisha kichwa. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Mgambo walewale wawili ndio waliozibeba, mzigo kwa mzigo, mpaka turubai likabaki chini peke yake. Mafiga yakawekwa nyuma ya darasa. Miti ya pamba ina moto mkali, nyama ikaiva.

Mgeni akafika. Hotuba nzima magari yake yaliachwa yakiunguruma ili ndani pabaki na ubaridi, na katika moshi ule wa dizeli akatuambia moshi unaua. Akala. Akalamba vidole. Akasema chakula cha gesi kina ladha yake, na Sylvester akawa wa kwanza kupiga makofi. Nilitamani kumtapikia viatu. Mama akapokea mtungi wake mtupu, akautwika kichwani akacheza nao kidogo, na mgeni akawaambia wapiga picha waone bibi alivyo na nguvu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Magari yakaondoka, mama akabaki na majivu na chuma.

Jua lilipoanza kuzama tukaanza kwenda kwake, kila mwanamke na mzigo wake. Wangu ulitangulia. Safari hii hakukataa kusaidiwa.

Asubuhi Jenifer akaja, amejifunika kanga mpaka usoni. Alikuwa hana cha kupikia hata uji wa watoto. Hapa kwetu hakuna anayemnyima mwenzake moto, awe nani. Kabula akamfungia mzigo wa kutosha, akampa mikononi. Kisha akaingia ndani, akatoka na mtungi, akamtwika kichwani.

"Kuni ni zako, mwanangu," akasema. "Huu ni wa mumeo. Mwambie leo apike yeye."

Jenifer alishusha kuni zake nyumbani. Mtungi hakuushusha. Alipita nao katikati ya kijiji, watu wakitazama, akaenda nao moja kwa moja ofisini kwa mumewe.