Kuni za Kambi ya Nkonde

Rabson aliporudi kutoka vita vya Malaya, kule Asia, watu wa Nchelenge walimtarajia aeleze alivyopiga bunduki. Akawaambia ukweli: bunduki aliibeba tu. Kazi yake ilikuwa kukaa hemani penye ramani, wafuata nyayo wanamletea waliyoyaona msituni, majivu, maganda ya ndizi, tawi lililokatwa, naye anayaunganisha mpaka aweze kumwambia kapteni adui yuko upande gani.

"Sasa hiyo ni kazi?" mjomba wake Fanwell aliuliza. "Kukaa kivulini na kubahatisha?"

"Kubahatisha kwa mushahara, bayama," Rabson alimjibu mjomba.

"Basi ubahatishe tutakula nini leo."

Walicheka, lakini sanduku la bati la jeshi lilikuwa bado limefungwa karibu na mlango. Sajenti wa Lusaka alikuwa amemwambia nafasi yake ipo akiitaka. Mkewe, Eness, naye alishasema neno lake, tena bila kuinua sauti.

"Weye enda. Mi sirudi ku kambi ya basoda ba jeshi, kuamushwa na tarumbeta kama niko soda pia. Niko naanika samaki yangu hapa."

Rabson alimpenda Eness na alilipenda ziwa. Kama asingepata kazi hapa pwani, angerudi jeshini na sanduku lake, bila mke.

Kazi ilikuwepo moja iliyomfaa. Mgiriki mmoja, Bwana Yorgo, alinunua samaki wabichi na kuwapeleka migodini kwa lori la barafu. Pwani ya ziwa Mweru ni ndefu na barafu haina subira. Lori likitumwa kwenye kambi ya wavuvi isiyo na samaki, linarudi na maji.

"Weye ulijua adui iko wapi," Yorgo alimwambia. "Samaki haina hata bunduki. Nionyeshe iko wapi, utakuwa mutu yangu. Lakini siku ya kamyo yangu ya barafu kukuja, hapana ambia mutu. Banunuzi bengine biko na masikio."

"Siri ninaiweza, bwana," Rabson alisema, na hilo halikuwa la kujisifu.

Akaanza kutembea kambi kwa kambi. Desturi ya pwani ile ni kwamba mgeni akifika anapewa kigoda, anatoa habari zake kwanza: ametoka wapi, nani anaumwa huko, kitu gani kiko njiani kinakuja. Akimaliza, ndipo anauliza za wenyeji. Rabson alikaa kwenye kigoda, akasema "Salama tu," akaanza kuuliza. Wanawake wakamtazama, wakarudia kuparua magamba. Hakujali. Msituni pia adui hakuulizwa, alama zilitosha.

Macho yakamwonyesha kuni. Wanawake wa kambi ya Nkonde walikuwa wakibeba mizigo ya kuni tangu asubuhi, mstari mzima kama siafu. Kambi nyingine hazikubeba hata kijiti. Kuni nyingi, watu wengi. Watu wengi, samaki wengi. Rabson alikaribia kukimbia mpaka dukani kwa Mgiriki.

Kesho yake lori likafika Nkonde. Samaki walikuwepo, tena makobo wanono ajabu, na wote walikuwa juu ya uchanja, wameshakuwa rangi ya kahawia, moshi unawapita katikati ya mbavu.

Bana Matildah, mama mnene aliyesimamia chanja zote za kambi, alimwendea Rabson taratibu.

"Ee, musoda. Uliona kuni yetu?"

"Niliiona, mama."

"Ukawaza ni ya nini? Ya chai?"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Dereva naye alicheka, huku maji ya barafu yakimlowesha miguu.

"Mungetuambia kamyo inakuja, hatungewasha moto," Bana Matildah aliendelea. "Mbichi njo tunapenda kuuzisha, haina kazi ya moshi. Lakini weye unakuja, unakula habari yetu, yako unafunga mu mufuko."

Yorgo alipoona lori limegeuka tenki la maji, alifungua mlango wa nyuma, akayaacha yamwagike. Akasema, "Ijumaa. Mara ya mwisho. Na siri ni siri."

Usiku ule Rabson alimwambia Eness yote isipokuwa siku ya lori. Eness alikuwa akisuka mkeka, hakuinua kichwa.

"Basi enda ubaambie bale bamama."

"Ku jeshi, mutu akisema siku ya lori anafungwa."

"Makobo itakufunga?"

Alhamisi akarudi Nkonde, akapewa kigoda kilekile. Alikaa. Wanawake walisubiri, visu mikononi, bila kumsaidia hata kidogo.

"Kamyo inakuja kesho asubuhi," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Nini?" aliuliza Bana Matildah.

"Kamyo. Kesho."

Bana Matildah akageukia ziwa, akaweka viganja mdomoni na kuwapazia sauti wenye mitumbwi. Mtumbwi wa karibu ukaupazia wa mbali. Rabson aliona siri yake ikikimbia juu ya maji mpaka upande wa kisiwa cha Kilwa, humohumo ziwani, akatamani ardhi immeze pamoja na kigoda.

Ijumaa hapakuwa na moshi. Samaki walikuwa wakirukaruka kwenye vikapu. Palikuwa pia na lori la mnunuzi mwingine, limetangulia kufika, limegeuzwa tayari kupakia.

Yorgo akashuka kwenye lori lake, uso umekuwa mwekundu. "Nani alisema?"

"Mimi, bwana," Rabson alijibu. Aliwaza sanduku la bati.

Lakini wanawake walikuwa wameshalipita lori la kwanza na vikapu vyao vichwani. Dereva wake aliwaita, akawaita tena.

"Weye ulikuja bila kusema," Bana Matildah alimjibu. "Ngoja. Tunaanza na huyu wa musoda."

Walipakia mpaka barafu haikuonekana. Yorgo alizunguka lori lake, akainua kikapu, akanusa, akakirudisha.

"Ijumaa ingine utabaambia tena?" aliuliza.

"Nitabaambia, bwana."

"Basi baambie mapema kidogo. Hii kamyo ni ndogo, nitakuja na kubwa."

Rabson alienda nyumbani haraka, akipanga maneno ya kumwambia mkewe. Alikuta Eness ameshazisikia habari kutoka kwa wenye mitumbwi. Nguo za jeshi zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, na ndani ya sanduku la bati Eness alikuwa akipanga samaki wakavu, wasiliwe na panya.