Kipande cha Kilima

Siku tulipokaa kuchagua prosesa za seva zetu mpya, mkurugenzi alikuwa ameshaamua moyoni. Alizipenda zile zenye viini vingi vya kukokotolea, maana idadi kubwa inasomeka vizuri kwenye hotuba. Mimi nilitaka zenye viini vichache lakini zenye njia pana ya kufikia kumbukumbu, ambako data hukaa. Kazi yetu ilikuwa kukokotoa kilima kizima cha machimbo na kuona kama ukuta wake utaporomoka. Kazi ya namna hiyo haikwami kwa ugumu wa hesabu, inakwama kwa kungoja data.

"Ni sawa na kuajiri wapishi hamsini, halafu stoo ina mlango mmoja mwembamba," nilimwambia. "Watapanga foleni tu."

"Mhandisi, wewe kwa ubishi hujambo. Tuzijaribu."

Tukazijaribu. Ila aliagiza tupime kwa kipande kidogo cha kilima, ili tumalize kabla ya chakula cha mchana. Kipande chenyewe kilienea chote ndani ya prosesa, hakikuhitaji kufuata data nje kwenye kumbukumbu. Viini vingi vikashinda kwa mbali. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka: pimeni kilima kizima! Wakacheka, wakaenda kula.

Seva za viini vingi zilipokwisha kufungwa na kuwashwa, tukaingiza kilima kizima. Kazi ya siku chache ikageuka ya wiki na wiki. Kwenye skrini viini vilionekana vimeshughulika kwelikweli, kumbe vinangoja. Mvua nayo ilikuwa imeanza.

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, aliendesha tingatinga chini kabisa ya ukuta ule. Nilimpigia simu kila asubuhi.

"Usiende kazini leo, tafadhali."

"Dada, mashine imesema?"

"Bado."

"Sasa nimwambie nini msimamizi? Kwamba dada yangu ana woga?" Akacheka. "Ikisema nipigie. Nitatoka mbio kama nimeona nyoka."

Nikamwendea msimamizi mwenyewe. Akanijibu kwamba anataka majibu ya kompyuta, si wasiwasi wangu.

Ukuta uliporomoka asubuhi, watu wakiwa kazini. Tulimchimbua mdogo wangu, tukamzika, na kompyuta bado ilikuwa inakokotoa.

Majibu yalitoka tukiwa bado msibani. Mkurugenzi alikuja na suti yake nyeusi, akaniinamia sikioni, na naapa alikuwa anatabasamu.

"Imepatia," alinong'ona. "Sehemu ileile. Modeli yetu haina kasoro."

Nilitamani kumkaba koo mbele za watu. Yeye akasogea kwa mama, akampa pole, kisha akamwambia kwamba binti yake ni mtaalamu hodari na kazi yake imefanikiwa.

Mama hakuwa amelala wala kula. Aliushika mkono wa yule bwana kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, baba," alisema. "Angalau kuna kitu kimefanikiwa nyumbani kwangu."