Kovu la Dada Radi

Mama mmoja aliyevaa sare ya ulinzi alikuja akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimemwekea rafiki yangu, wala hakuomba ruhusa. Alivua kofia, akajipepea nayo, kisha akaniinamia kana kwamba tunajuana tangu zamani.

"Mwanangu, hapa ndipo wanapokuja wale wanaochora Dada Radi?"

"Ndiyo, mama. Ila hicho kiti kina mwenyewe."

"Akija nitampisha. Mimi si wa kukaa, nimechomoka getini mara moja tu."

Sikutaka mazungumzo. Ukumbi ulikuwa umefurika vijana waliovaa barakoa za karatasi na majoho yaliyoshonwa kwa mapazia, kila mmoja amejigeuza mhusika anayempenda. Jukwaani palikuwa na meza ndefu na chupa za maji. Bahasha ya michoro yangu nilikuwa nimeipakata kama mtoto mwenye homa.

Tamasha letu la wapenzi wa vibonzo huwa na jopo la wachoraji kila mwaka, na jopo hilo lina desturi yake. Ukifikiwa na kipaza sauti, mshereheshaji anakuuliza, "Swali au kurasa?" Ukisema swali, unajibiwa. Ukisema kurasa, unapanda jukwaani, na mhariri wa kampuni ya vitabu anasoma kazi yako hapo hapo, mbele ya watu wote. Huruhusiwi vyote viwili. Baadhi ya waliokaa kwenye meza ile waligunduliwa hivyo hivyo, wamesimama pale.

Mimi nilikuja na kurasa. Tangu nimalize chuo nilikuwa nachora hadithi ya msichana anayetibu nyumba zilizobomoka, na baba alikuwa amenivumilia. Usiku uliotangulia aliniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma: "Nenda kwenye tamasha lako. Wasipokuona, Jumatatu unaanza dukani kwa mjomba wako. Hata misumari inahitaji msomi."

Yule mama alikuwa bado ananitazama.

"Nina binti," alisema, akapitisha kidole kwenye shavu lake la kushoto, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. "Ana kovu hapa. Maji ya moto, akiwa mdogo. Shuleni wakawa wanamwita Ramani. Siku moja binamu yake akamletea kitabu cha Dada Radi, akaona naye ana kovu palepale. Weee! Hakushikika tena. Akiitwa Ramani anajibu, 'Niite Radi.'"

Nilitabasamu bila kutaka.

"Sasa kitabu kipya kovu limehamia kulia. Kitabu kizima! Mtoto amekifunga, hataki hata kukiona. Ananiambia, 'Mama, hawakutaka afanane na mimi.' Nimjibu nini? Mimi najua mageti, vitabu hivi sivijui."

Redio ya kiunoni mwake ikakoroma: "Mama Geti, uko wapi? Magari yamejaa huku!"

Akasimama, akavaa kofia. "Niulizie, mwanangu. Kovu limehama kwa nini. Hilo tu. Halafu upite getini uniambie."

"Nitauliza, mama."

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inahema.

Rafiki yangu, tunayemwita Kifutio kwa sababu hakuna mchoro aliowahi kuumaliza bila kuufuta, alifika wachoraji wakiwa wameshaketi. Nilimweleza yote kwa kunong'ona, nikamwomba aulize yeye. Yeye hakuwa na kurasa. Alikuwa na mkono wa kunyoosha.

"Nimuulize Mzee Wino hivyo?" Macho yalimtoka. Mzee Wino ndiye mchoraji wa Dada Radi, na alikuwa ameketi pembeni mwa mhariri. "Nimwambie mtu mzima mbele ya ukumbi hajui kushoto na kulia?"

"Kifutio, tafadhali."

"Haya, haya. Kwa ajili ya mtoto."

Akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu. Kipaza sauti kikaenda nyuma, kikaenda kushoto, kikarudi nyuma tena. Msichana mmoja alisema kurasa, akapanda. Mhariri akazisoma, akamwandikia kitu kwenye kadi.

"Wa mwisho," mshereheshaji alisema, na kidole chake kikapita juu ya mkono wa Kifutio, kikanielekea mimi. "Wewe, dada. Swali au kurasa?"

"Kurasa," Kifutio alinong'ona, ananifinya. "Sema kurasa! Yule mama utamwambia hukuchaguliwa. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwona mhariri akinyoosha mkono wake mezani, tayari kupokea. Nikawaza mizani ya mjomba, vumbi la saruji, miaka. Kisha nikamwaza mtoto amekaa mahali, anangoja mama yake arudi kutoka kazini.

"Swali," nilisema.

Kifutio alijifunika uso.

Niliuliza nikimwangalia Mzee Wino: kovu la Dada Radi limehama shavu kwa nini, kwa sababu kuna msichana mwenye kovu kama lile upande wa kushoto, na anadhani mmemkataa. Kicheko kilianza safu za nyuma, kikafa chenyewe. Mhariri alikunja uso. Mzee Wino aliomba kitabu, akakifungua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ukurasa wa kwanza maneno yalikosa nafasi," alisema polepole. "Nikaugeuza mchoro kwenye kompyuta, kama kwenye kioo. Kisha nikachora mingine yote kwa kuufuata huo. Nimekaa na hili kovu muda wote huo, sikuliona." Akakifunga. "Mwambieni ni kosa la mkono wangu. Hakuna aliyemkataa. La kushoto ndilo la kweli."

Mshereheshaji aliwashukuru watu, taa za jukwaani zikazimwa. Mhariri alikuwa ameshatia kalamu mkobani. Nilimwita, sauti ikamezwa na viti vilivyokuwa vinasukumwa, na alipotoka kwa mlango wa nyuma hakugeuka.

"Sasa?" Kifutio aliuliza.

"Sasa getini."

Mama Geti alikuwa katikati ya magari, filimbi mdomoni. Aliponisikiliza aliitema, akapiga simu, akanibandikia sikioni kabla sijakataa.

"Mwambie wewe. Mimi nitasahau maneno."

Nilimweleza binti yake yote, mpaka lile neno la mwisho la Mzee Wino. Honi zilinizunguka, na Jumatatu ilikuwa imenikaa kifuani kama jiwe.

"Dada," sauti ndogo ikasema, "rudia tena. Sema vilevile alivyosema."

Nikarudia.