Jina kwenye Kadi ya Gurdeep

Kadi ya ukumbusho wa Gurdeep ilikuwa na majina ya mama yake, dada yake, wajomba wa Kisumu, hata na binamu mmoja ambaye Gurdeep hakuwa akisalimiana naye. La mkewe halikuwamo.

Kavutha aliambiwa hivyo waziwazi, sebuleni kwa wakwe zake huko Loresho, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Aliyemwambia ni wifi yake, Manpreet.

"Kadi ni ya Kipunjabi tupu. Jina lako ni la Kikamba, haliandikiki kwa herufi zetu. Kompyuta imekataa."

"Imekataa?"

"Nimejaribu. Sasa utanilaumu mimi?"

Mama mkwe, ambaye wote walimwita Biji, alitazama picha ya mwanawe ukutani, iliyovishwa shada la maua, akasogeza kiti chake karibu na cha Manpreet.

Kavutha alijua ni uongo. Mwaka wao wa kwanza katika nyumba ya Kileleshwa, Gurdeep aliandika skripti, programu ndogo ya mistari michache tu, ya kupekua alama zote ambazo kompyuta za dunia zimekubaliana kuzitambua. Kila alama ina namba yake. Ukiipa skripti namba ya kuanzia, inakufungulia ukurasa: herufi za Kihabeshi, Kiarabu, Kigujarati, noti za muziki, hata konokono. Ukichagua moja, inajaa kioo kizima na jina lake chini. Wanaume wengine hutazama mpira. Gurdeep alitazama herufi. "Kavu, njoo uone hii," aliita kila mara, naye aliacha sufuria ya muthokoi motoni akaenda.

Siku moja alimpangia jina lake kwa Kigurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi. Irabu zilimshangaza Kavutha. Kila moja ilitokea imeshikamana na duara la nukta nukta, tupu.

"Hilo duara ni la nini?"

"Ni kiti cha herufi. Hizi haziwezi kusimama zenyewe. Ni kama dada yangu, lazima zimkalie mtu."

Walicheka mpaka muthokoi ukaungua.

Sasa, pale sebuleni, Manpreet alimtupia begi lake. "Kadi zinachapishwa River Road. Nimemtumia fundi maneno kwa simu. Nenda uzichukue, zile njia ni zako."

Fundi aliitwa Wahome. Alifungua boksi kwa madaha, kama mtu anayetoa keki. Kavutha akaona uso wa mumewe ukitabasamu chini ya kilemba cha samawati, na chini yake mistari ya visanduku vitupu. Kila herufi ilikuwa imegeuka kisanduku.

"Hii ni nini?"

"Si ndio hiyo Kihindi yenyewe, madam? Mimi nilidhani inaandikwanga hivyo."

"Umechapisha zote?"

"Zote. Na imetoka poa, angalia hiyo laini."

Mashine ya Wahome haikuwa na fonti ya Kipunjabi, yaani maumbo ya herufi zake. Alijaribu kupiga picha ya maneno kwenye simu, lakini yalipokuzwa yalipasuka kingo. Na sala ya ukumbusho ilikuwa kesho yake. Kavutha akampigia Manpreet.

"Umefanya makusudi!" Sauti ilijaza kibanda hata Wahome akajifanya anapanga karatasi. "Ulituchukulia kaka yetu akiwa hai, sasa unamfutia jina!"

"Manpreet, ni fonti."

"Usiniite kwa jina langu!"

Kavutha akakata simu. Alibeba boksi mpaka Kileleshwa, akafungua kompyuta ya Gurdeep. Ile skripti ilikuwepo. Aliipa maneno ya Manpreet, aliyotumiwa na Wahome kwa simu, nayo ikayatoa safi, kila mstari ukiwa picha kubwa ya kuchapika. Kisha akaipa namba ya kurasa za Kigurmukhi. Hakujua kusoma mwandiko huo, lakini kila herufi ilibeba jina lake kwa Kiingereza, naye akazitafuta moja moja: KA, VA, THA. Irabu zikatokea na maduara yao matupu. Alizitazama kitambo. Alipoiweka ya kwanza baada ya herufi yake, duara lilitoweka, irabu ikakaa chini ya mwenzake kana kwamba haikuwahi kuwa peke yake.

Jina lake aliliweka mara tu baada ya la Biji.

Manpreet alifika jioni kufuata kadi, hakubisha hodi. Alisoma kioo akiwa amesimama, akafika mstari wa pili.

"Litoe."

"Nimejaribu," Kavutha alisema. "Kompyuta imekataa."

"Usinichezee, wewe!"

"Basi chukua zile za Wahome. Boksi liko hapo mlangoni. Kesho mkawagawie watu visanduku."

"Wewe si wa nyumba yetu. Hujawahi kuwa. Tulimvumilia yeye tu."

"Nyumba yenu iko Loresho. Hii uliyosimama ndani yake ni yangu, na mume aliyekufa ni wangu. Chagua kadi uende."

Manpreet alitazama boksi, akatazama uso wa kaka yake kwenye kioo.

"Mpe fundi wako hiyo ya kwenye kioo," alisema, akaondoka bila kufunga mlango.

Kesho yake Manpreet mwenyewe alisimama mlangoni pa gurdwara, hekalu lao, akigawa kadi, kidole gumba kikiwa juu ya mstari wa pili. Biji alivaa miwani, akasoma kwa kidole. Alipofika mstari huo midomo ikatamka pole pole: Ka-vu-tha. Akailaza kadi kifudifudi mapajani, wala hakumtazama mkwewe.

Lakini kadi zilipita mkono kwa mkono hadi nyuma, ambako kidole cha Manpreet hakikufika. Huko aliketi mama yake Kavutha, Syokimau, aliyetoka Machakos alfajiri, kitambaa cha kichwa kikimteleza. Alikuwa ameishika kadi juu chini.

"Ni wapi?" alinong'ona.

Kavutha akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.