Kesi ya Osea, Mhaini wa Metali

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, mbele ya kichanja cha kuanikia kahawa nyumbani kwao Igamba, Osea Nzunda alishitakiwa kwa kosa la uhaini.

Mwendesha mashitaka alikuwa amejitanda kanga ya Mama Osea mabegani iwe joho, na mkononi ameshika mwiko wa ugali. Huyo ni Ketrina Sichone, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Tunduma, msichana pekee katika historia ya shule yao ya bweni kuombewa na matroni kwa jina, kwa sauti, mstarini.

"Mshitakiwa asimame."

"Nimesimama," alisema Osea. Mikono yake iliendelea kuchambua kahawa yenyewe, macho yakiwa usoni kwa Ketrina.

"Basi asimame kwa heshima."

"Kwani hivi nimesimamaje?"

"Kama mtu anayechambua kahawa," alisema Lusajo Kibona, ambaye siku hiyo alikuwa karani, askari, wazee wa baraza na umma wote uliohudhuria.

Hawa watatu ndio Baraza la Metali. Walikuwa wajumbe watatu na wote watatu viongozi, jambo lililopunguza sana chuki za uchaguzi. Maana metali, muziki wa magitaa ya umeme na kelele, ni dini moja yenye madhehebu mengi, na kama ilivyo kwa madhehebu yote, majirani ndio wanaogombana zaidi. Ketrina alikuwa wa thrash, muziki wa haraka, gitaa linakatakata kama mashine ya kusaga iliyosahaulika ikiwaka. Alikulia kando ya foleni ya malori ya mpakani, honi na injini zinazosubiri kuvuka kwenda Zambia ndizo zilizombembeleza utotoni, na kitu chochote cha polepole kilimtia wasiwasi. Lusajo alikuwa wa death, ambako mwimbaji haimbi bali ananguruma kutoka tumboni. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya Wamoraviani, na mwalimu wa kwaya aliposikia mazoezi yake ya kunguruma nyuma ya kanisa, alimsifu kwa bidii.

Osea alikuwa wa power. Huko waimbaji wana sauti nyembamba za kupasua dari, magitaa mawili yanakimbizana, na kila wimbo kuna shujaa anayepanda mlima na upanga. Osea alisema ni muziki pekee unaomfaa mtu aliyezaliwa milimani.

Kila wimbo mpya ulipigiwa kura. Tunda la kahawa jekundu lililoiva ni ndiyo, la kijani ni hapana. Kwa kuwa shuleni simu ni marufuku, mambo mazito yalisubiri likizo na sabufa ya kwa kina Osea, iliyokaa uani juu ya ndoo iliyogeuzwa, waya wake ukipita dirishani mpaka sebuleni. Shuleni Baraza lilifanikiwa mara moja tu, pale Ketrina alipoingiza thrash kwenye spika ya mchakamchaka. Shule nzima ilikimbia asubuhi ile kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana Mbozi. Mwalimu wa michezo alipongeza ari mpya ya wanafunzi, halafu akaanza kumtafuta mhusika.

"Shitaka la kwanza," alisema Ketrina, akipiga mwiko kwenye mguu wa kichanja. "Kwamba wewe, Osea, kuhani wa power, umelikimbia dhehebu lako bila kuaga. Jana umeleta mbele ya Baraza wimbo wa doom. Dakika kumi na moja! Mpiga ngoma anapiga, anakwenda kula, anarudi, anapiga."

"Ni mzuri," alisema Osea.

"Ni msiba! Umma unasemaje?"

"Umma ulisinzia," alisema Lusajo.

"Shitaka la pili. Kudharau mluzi. Tangu tufungue shule Januari nakupigia mluzi wetu, kutoka bwaloni, kutoka bombani, hugeuki. Unatembea na shingo yako kama mkuu wa mkoa."

Osea aliinamisha macho kwenye kahawa.

"Shitaka la tatu. Kucheka kabla ya wakati. Mtu nasimulia kichekesho, sijafika penyewe, wewe umeshacheka. Hiyo ni dharau kwa sanaa."

Alisema hayo kwa sauti ya jaji wa Mahakama ya Rufani, na Lusajo akacheka mpaka punje za kahawa zikamtoka mkononi. Lakini joho la kanga lilikuwa limefunika jambo ambalo Ketrina asingelisema hata kwa fimbo. Wiki yake ya kwanza ya bweni, kidato cha kwanza, alijificha nyuma ya stoo ya majembe kulia, maana Tunduma ilikuwa mbali na usiku wa huko kilimani haukuwa na lori hata moja. Mvulana asiyemjua alikuja, hakuuliza kitu, akampa upande mmoja wa spika za masikioni zilizounganishwa na kiredio cha kuficha. Ulikuwa wimbo wa power. Mwimbaji alipanda, akapanda, na alipofika juu kabisa, pale ambapo binadamu wa kawaida angeita gari la wagonjwa, yule mvulana alinyoosha ngumi hewani akiwa amefumba macho. Ketrina alicheka huku makamasi yanamtoka. Tangu siku hiyo ukawa wimbo wao, na tangu siku hiyo hakulia tena bweni.

Sasa mtu huyo haitiki mluzi, na wimbo wao hajautaja tangu Januari. Mtu akikuchoka, Ketrina aliwaza, huanza hivyohivyo, kwa vitu vidogo.

Ndiyo maana alikuwa ameandaa mtego.

"Mahakama inaleta ushahidi," alitangaza, akachutama kwenye sabufa nyuma ya Osea, simu mkononi. Wimbo wao ukaanza. Mpango ulikuwa rahisi. Atazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka chini kabisa, mwimbaji abaki kama anaimba ndani ya godoro. Osea wa zamani asingevumilia hata sekunde tano. Angeruka, angemsukuma, angemwita mchawi wa mitambo. Akiruka, basi bado ni mwenzao. Asiporuka, amekwisha kuhama kweli.

Alizungusha.

"Wee, nani kamfunika huyo mzee blanketi?" Lusajo alilalamika papo hapo.

Osea alitikisa kichwa kufuata ngoma. "Safi," alisema. "Leo inasikika safi."

Ketrina alidhani anamdhihaki. Basi akazungusha kitufe upande wa pili, mpaka mwisho, na kwa hasira kidogo akapandisha sauti. Sabufa ilipiga ukelele. Kuku walitawanyika kama walioona mwewe, Lusajo akaziba masikio kwa viganja vyenye ulimbo wa kahawa, na mbwa wa jirani akaanza kulia kwa uchungu.

Osea aliokota punje moja mbovu, akaitupa kwenye kopo. Akaokota nyingine.

Ketrina alikuwa ameshaanza kucheka. Kicheko kikamkwama njiani. Alitazama kitufe, akamtazama Osea, akatazama tena kitufe. Halafu, akiwa bado amechutama nyuma yake, akazima muziki na kupiga ule mluzi wao, mwembamba, wa kupanda.

Lusajo aligeuka. Kuku mmoja aligeuka. Osea hakugeuka, ila alipoona wimbo umekatika aliinua kichwa, akawakuta wote wawili wanamtazama, na uso wake ukawa wa mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

Ketrina alivua kanga taratibu.

"Tangu lini?" aliuliza, kisha akazunguka akasimama mbele yake, aone mdomo. "Tangu lini, Osea?"

"Ile homa ya Desemba." Alisema huku akichambua. "Nilipotoka hospitali nilidhani ndege wamehama. Nikamwuliza mama, mbona ndege hawapo? Akanitazama tu. Daktari wa Mbeya alisema sauti nyembamba zimekwenda. Nzito zipo. Huenda zikabaki, huenda zisibaki."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningesema mngeanza kunihurumia. Mngekuwa mnanipigia kura nyekundu hata kwa takataka."

"Kwa hiyo vichekesho vyangu..."

"Naona mabega yako yanavyopanda, najua penyewe panakaribia. Nacheka hapo." Akatabasamu kidogo. "Naomba radhi kwa sanaa."

Ketrina alitaka kusema kitu cha kijanja. Alikuwa navyo vingi, huwa vinamjia kama chafya. Badala yake aliokota punje moja mbovu, akaitupa koponi.

"Na wimbo wetu?" aliuliza mwishowe.

"Naukumbuka wote. Ila nikiuweka, gitaa la chini lipo, ngoma zipo, akifika pale anapopanda pana shimo." Alionyesha kwa kidole mahali hewani. "Nikaona bora nisiuweke. Nikatafuta muziki ambao ninaupata mzima. Doom naupata mzima, Ketrina. Hakuna anayenificha kitu."

Mama Osea alitoka jikoni kuuliza ni nani anachinja mbwa. Aliona nyuso zao, akaelewa, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Shikamoo mama," Ketrina alisema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe amewaambia."

"Hakutuambia. Tumemkamata."

"Vyema," alisema Mama Osea. "Mimi nilikuwa nimechoka kuijua siri hii peke yangu."

Ketrina alijitanda kanga upya. "Mahakama inaomba wimbo wa mshitakiwa urudiwe. Ule wa jana. Mwendesha mashitaka jana alikuwa hasikilizi, alikuwa anakasirika."

Osea akahamisha sabufa, akaiweka chini ya kichanja, karibu na miguu ya mbao. "Usisikilize kwa haraka yako ya Tunduma," alimwambia. "Weka viganja hapa, kwenye ubao."

Noti ya kwanza ilikuja kama lori linalowasha injini mtaa wa pili. Ketrina aliisikia kwanza mikononi, ikapanda viwiko, ikakaa kifuani. Juu ya waya wa kichanja, punje zote za kahawa zilitetemeka pamoja, maelfu yao, zikatulia, zikasubiri. Kimya kile cha katikati, ambacho jana alikiita mapumziko ya chakula, leo kilikuwa kimejaa. Ulikuwa unajua pigo linakuja, na lilipofika lilikufikia pote.

"Ah," alisema. Ilikuwa ni hoja fupi kuliko zote alizowahi kuzitoa.

"Huu afadhali," alisema Mama Osea, naye akiwa ameanza kuchambua. "Unakwenda kwa mwendo wa mikono. Ule wako wa fujo, Ketrina, jana mkiufuata mmenitupia kahawa nzuri nusu kopo."

Dakika kumi na moja zikapita. Ketrina alikwenda kwenye kikapu, akachagua tunda jekundu kuliko yote, akaliweka mbele ya Osea.

"Huruma?" aliuliza Osea, akimtazama mdomoni kwa makini.

"Nikuhurumie wewe? Kwa lipi? Umeniibia miezi sita ya doom."

Lusajo naye akaweka jekundu. Kisha akajikuna kichwa. "Mimi nawaza lile shimo," alisema. "Kwenye kwaya, soprano wakiugua, mwalimu anatuambia tuubebe wimbo sisi. Tunaushusha. Sauti inakuwa ya chini lakini wimbo ni uleule."

Ketrina alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Basi kaa pale. Upande wake."

Wimbo wao ukaanza tena. Lusajo alisimama karibu na bega la Osea, akavuta pumzi ya Jumapili, na mwimbaji alipoanza kupanda yeye naye alipanda, ila kutoka shimoni, kwa besi pana ya Kimoraviani, kila noti mahali pake. Ketrina alisimama mbele na mwiko akiuinua kidogo kidogo, aonyeshe walipofika. Alipanda kwenye kigoda. Alisimama kwa vidole. Mwiko ulipofika mwisho wa mkono wake, Osea alifumba macho na kunyoosha ngumi hewani, kwa wakati wake hasa.

Hukumu ilisomwa jioni, wakikusanya kahawa na kuifunika isipate umande. Mshitakiwa alionekana na hatia kwa mashitaka yote, pamoja na moja jipya la kukaa na siri bila kibali cha Baraza. Adhabu ilikuwa kifungo cha maisha ndani ya Baraza hilohilo, bila rufaa. Mluzi ulifutwa.

"Sasa utaniitaje?" aliuliza Osea.

"Hilo halikuhusu. Beba turubai."

Alibeba turubai kuelekea stoo, mgongo umewaelekea. Ketrina alichagua tunda moja jekundu, akafumba jicho moja, akalirusha. Lilimpata chini kidogo ya shingo.

Osea akageuka.