Nuksi Iliyohamishiwa Gereji

Kaz Dombrowski hakufukuzwa sebuleni kwake kwa ubaya. Alikwenda tu gereji kutoa soseji kwenye friza, basi. Ilikuwa mechi ya pili ya msimu, na Wavunja-Barafu, timu ya mpira wa yai wa Kimarekani ya mji wao wa Erie, walikuwa wanachapwa kama kawaida. Familia imejipanga kwenye kochi kama watu wa matanga. Kaz alipoinama tu kwenye friza, nyumba ikalipuka: mchezaji wao kaunyakua mpira, kakimbia nao uwanja mzima, bao. Kaz akarudi mbio, soseji mkononi. Alipokanyaga zulia, wapinzani wakaupora mpira.

Bernice, mama mkwe wake mwenye miaka themanini na moja, alimtazama kama daktari anavyotazama picha ya eksirei.

"Kaz, baba," akasema taratibu, "hebu rudi gereji kidogo."

Akarudi. Wakashinda.

Basi ikawa ndiyo sheria. Kila Jumapili saa saba mchana Kaz anapewa kiti cha kukunja, blanketi na sahani ya pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya viazi, kisha mlango wa jikoni unafungwa nyuma yake. Alijaribu kujitetea. Alisema ameivumilia timu hii miaka arobaini na moja, kaiona ikifungwa kwenye mvua, kwenye theluji, hata siku ya harusi yake. Duane, mdogo wa mkewe, akamjibu kwamba huo ndio ushahidi wenyewe: miaka arobaini na moja shemeji anatazama, miaka arobaini na moja tunafungwa.

Na timu ikashinda kweli, wiki baada ya wiki. Habari za gereji zikaenea mtaani kuliko matokeo yenyewe. Ijumaa, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga kanisani, watu asiowajua walimshika mkono wakamshukuru. Padri alimvuta pembeni, Kaz akadhani ni mambo ya roho. Kumbe anauliza kama gereji ina hita, maana wanamhitaji mzima hadi fainali ya Februari.

Lakini Kaz alikuwa na siri.

Dirisha la gereji lilitazamana na la jirani, Concetta Ferrara, mjane asiyejua mpira wa yai wala wa duara. Kwenye mechi ya tatu Kaz aliona kona ya televisheni yake, na kwenye kona hiyo, mguu wa mchezaji. Jumapili iliyofuata akaona nusu ya kioo. Iliyofuata, kioo kizima. Akajiambia ni bahati, akasogeza kiti. Tangu hapo hakukosa mechi hata moja. Duane alipokuja mbio kumpasha habari, Kaz alishika kichwa kwa mshangao, akauliza nani kafunga, ilikuwaje. Kusema ukweli angesemaje? Wakifungwa wiki inayofuata, mji mzima utamla nyama.

Tatizo ni kwamba kutazama peke yako si kutazama. Bao unalionea wapi raha kama huna wa kumkumbatia?

Ndiyo maana Wavunja-Barafu walipofika nusu fainali, jambo ambalo Kaz hakuwahi kuliona tangu azaliwe, alimwomba mkewe Lorraine amruhusu akae nao mara hii moja. Lorraine alilegea. Bernice hakulegea.

"Nikifa kabla hawajachukua kombe," alisema, "nitakuwa nakutembelea hukohuko gereji."

Kaz akachukua blanketi lake.

Ikafika sekunde ya mwisho. Wavunja-Barafu wako nyuma kwa pointi mbili. Mpigaji wao akasimama yadi hamsini na moja kutoka kwenye milingoti, akiupitisha katikati ni pointi tatu, upepo wa ziwani unampiga ubavuni. Kaz alibandika pua kwenye kioo cha dirisha. Mpira ukapigwa, ukapinda, ukagonga mlingoti, ukadondokea ndani.

"Umegonga mlingoti ukaingia!" akapiga kelele, akalirusha blanketi juu.

Huko sebuleni, kwenye televisheni, mpigaji alikuwa bado anafunga kamba za kiatu.

Concetta alitumia antena ya zamani juu ya paa. Kwa Kaz televisheni ilipita kwenye intaneti, na ilichelewa nusu dakika nzima. Hakuna aliyewahi kulijua hilo, kwa kuwa Kaz hakuwahi kupiga kelele. Sasa familia ilikuwa imemsikia, ikatazama mpira ukipigwa, ukipinda, ukigonga mlingoti, ukiingia. Hakuna aliyeshangilia. Waliinuka wote wakaenda gereji.

"Umejuaje?" Lorraine akauliza.

Kaz akaonyesha dirisha la jirani. Concetta alikuwa amesimama hapo, kalifungua, theluji inamwangukia.

"Miezi minne naigeuza televisheni ili mumeo aone," akasema. "Mimi mwenyewe shingo imepinda. Fainali njooni kwangu, mkae kama watu."

Duane alikuwa anahesabu kwa vidole. Kama shemeji ametazama tangu mechi ya tatu, na tumeshinda hivyo, basi nuksi haikuwa shemeji. Akawatangazia hivyo kwa sauti ya hakimu, akiomba msamaha kwa niaba ya familia.

"Sasa nuksi ilikuwa nani?" akauliza Bernice. "Siku ile Kaz anakwenda kwenye soseji, nani mwingine alikuwa ametoka sebuleni?"

Wakafikiri. Lorraine ndiye aliyekumbuka: Duane alikuwa chooni.

Jumapili ya fainali Kaz alikaa katikati ya kochi la Concetta, Lorraine kulia, mama mkwe kushoto, soseji magotini. Ng'ambo ya ua, nyuma ya kioo cha gereji, Duane alikuwa amejifunika blanketi, anapunga mkono.

Bernice akainuka, akafunga pazia.